UZI: Imani ya kura inapotelea wapi, ndani ya biro au njiani kwenda kompilasio?

#1 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wote. Kila uchaguzi ukipita, hapa L'shi, Kongo, unasikia neno lile lile: "Sisi tulipiga, wao wakaandika." Naomba tulijadili kwa vitu vinavyoshikika, hasira tuziweke kando.

Dai langu ni kwamba kura haipotei ndani ya biro, yaani chumba cha kupigia kura. Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa, waliobaki kwenye mstari wanapewa jetoni na kumaliza kupiga. Kisha sanduku linafunguliwa palepale, mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi. Karatasi inatolewa moja moja, jina linasomwa kwa sauti, mstari unachorwa. PV (ripoti rasmi ya biro) inaandikwa, fishi ya matokeo inatiwa sahihi, nakala inabandikwa nje. Mpaka hapo mtaa umeona.

Kinachofuata ndicho kisichoonekana. Bahasha zinapanda gari kwenda kituo cha kompilasio, yaani cha kujumlisha, namba zinaingizwa kwenye kompyuta, na siku kadhaa baadaye Kinshasa inatusomea jumla bila vipande vilivyoijenga. Dawa yangu: picha ya fishi ya kila biro iwekwe kwenye intaneti siku ileile jumla inapotangazwa. Nani anabisha?

#2 Bagira_Juu (Bukavu)
Yaya, nabisha kidogo. Kubandika fishi kumo ndani ya sheria tayari, shida ni saa na mvua. Desemba ni mvua. Fishi iliyobandikwa nje saa tano usiku kwa gundi ya maji, asubuhi ni uji. Anayekuja kuipiga picha saa mbili anakuta alama ya gundi ukutani.

Halafu kumbuka 2023 tulichagua mara nne kwa siku moja: raisi, mbunge wa taifa, mbunge wa mkoa, na diwani wa komini kwa sisi tunaokaa miji mikuu ya mikoa. Kura za raisi ndizo zinahesabiwa kwanza, watu wakiwa macho. Za diwani zinafikiwa usiku mkubwa kwa taa ya mkononi. Fishi ya raisi ina sahihi nyingi, ya diwani ina mbili. Ukitaka picha za fishi zote, ujue nyingine zitakuwa za watu waliochoka.

#3 Mama_Rwashi (Lubumbashi)
Hapo #2 amegusa kidonda. Shahidi ndiye kiungo dhaifu na hakuna chama kinachotaka kusema. Anaingia biro kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hana chakula, hana nauli ya kurudi, hana mtu wa kumpokea. Saa mbili usiku anaambiwa: "Weka sahihi sasa, namba tutajaza." Anaweka. Sahihi kwenye PV tupu ni wizi uliokwisha kukamilika, hauhitaji kompyuta wala Kinshasa.

Chama kinachojali kinafanya hivi: mashahidi wawili kwa kila biro, mmoja wa asubuhi na mmoja wa kuhesabu, huyu wa pili awe amelala mchana. Kila mmoja na daftari. Kwenye daftari anaandika kabla ya mtu wa kwanza kupiga: kodi ya biro (namba yake ya utambulisho), idadi ya watu kwenye orodha, idadi ya karatasi zilizopokelewa, namba za sili (lakiri) za sanduku, na saa biro ilipofunguliwa kweli (isiwe saa iliyopangwa). Mchana anaandika kila mashini ya kura inapokwama na dakika ngapi. Usiku anaangalia kama sili ni zilezile. Bila daftari hilo, mahakamani una kinywa tu.

#4 Fundi_wa_Hesabu
Mama Rwashi asante, hiyo ya saa ya kufungua ni dhahabu. Nionyeshe kwa nini.

Nchi ilikuwa na biro zaidi ya 75,000 na walioandikishwa karibu milioni 44 mwaka 2023. Wastani ni watu chini kidogo ya 600 kwa biro. Siku ya kura ni saa 11, yaani dakika 660. Mashini moja ikifanya kazi bila kusimama hata mara moja, kila mtu ana sekunde 66 za kusoma picha, kugusa, kuchapisha na kutia kwenye sanduku, mara nne. Sasa biro iliyofunguliwa saa sita mchana kwa sababu vifaa vilichelewa imebakiwa na dakika 300, hata ukiongezea saa moja ya wenye jetoni ni 360. Fishi yake ikisema watu 590 kati ya 600 wamepiga, huhitaji kuwa mpelelezi. Saa imekwisha kusema.

Mambo matatu ya kulinganisha kwenye kila PV: sahihi za waliopiga zilingane na karatasi zilizotoka kwenye sanduku, karatasi zilizotoka ziwe sawa na kura halali jumlisha zilizoharibika, na karatasi zilizopokelewa ziwe sawa na zilizotumika jumlisha zilizobaki. Tofauti ya moja au mbili ni uchovu. Tofauti ya thelathini ina maelezo, na maelezo hayo lazima yaandikwe.

#5 Kipushi_Road
Mnazunguka tu. Mashini ndiyo mwizi. Inatuma matokeo yenyewe Kinshasa, unagusa huyu inaandika yule.

#6 Fundi_wa_Hesabu
#5, mdogo wangu, tuwe waangalifu. Mashini ya Miru ya Korea Kusini, tangu 2018, inachapisha karatasi. Unaisoma kwa macho yako kabla ya kuitia kwenye sanduku. Ukigusa huyu na ikachapa yule, utaona palepale. Na matokeo ya kisheria ni yale ya kuhesabu karatasi kwa mkono. Mashini ikisema 210 na sanduku likisema 208, sanduku ndilo linalofuatwa.

Tukumbuke pia kwa nini ilikuja. 2011 wagombea ubunge walikuwa zaidi ya 18,000 kwa viti 500, na kwenye majimbo makubwa ya Kinshasa karatasi ya kura ilifikia kurasa zaidi ya 50. Ni gazeti. Mzee asiyeona vizuri anafungua kurasa 50 ndani ya kibanda akitafuta picha moja.

#7 Bagira_Juu (Bukavu)
Hiyo ni kweli, lakini mashini ina ugonjwa mwingine ambao karatasi haikuwa nao: yeyote anayeimiliki pamoja na karatasi zake anaweza kuchapisha kura sebuleni. Tarehe 5 Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi yenyewe, ilifuta kura za wagombea 82, na kushika mashini kinyume cha sheria ilikuwa kati ya sababu ilizotoa. Kwenye majimbo ya Masimanimba na Yakoma uchaguzi wa wabunge ulifutwa mzima.

Kwa hiyo dai la #1 kwamba "kura haipotei ndani ya biro" halisimami peke yake. Kura ya sebuleni inaingia kwenye biro, inahesabiwa vizuri, fishi inaandikwa kwa mwandiko mzuri. Picha yake itakuwa safi kabisa.

#8 Mwana_Katuba
#7 nakubali, nilisema kwa haraka. Lakini fishi safi ya biro iliyojazwa inajitaja yenyewe, kama Fundi alivyoonyesha. 2011 CENI iliweka matokeo biro kwa biro, na kwa sababu hiyo waangalizi wa Carter Center ya Marekani waliweza kuonyesha sehemu za Katanga yetu hii zenye mahudhurio ya 99 hadi 100 kwa mia, kura zote au karibu zote kwa mtu mmoja. Malemba-Nkulu ilitajwa duniani kote. Mahali ambapo hakuna mgonjwa, hakuna aliyesafiri, hakuna aliyefariki tangu aandikishwe! Bila vipande kuwa hadharani, hilo lingebaki kuwa uvumi.

#9 Kisiwa_Idjwi
Na baada ya kutajwa ikawa nini? Matokeo ya 2011 yalibaki vilevile. Kinshasa matokeo ya biro karibu 2,000 yalipotea, pale FIKIN, uwanja wa maonyesho, mifuko ya PV ilionekana imelala chini kama mihogo, na mahakama ikathibitisha matokeo. Watu waliona ushahidi NA waliona haukubadilisha kitu. Hiyo inaua imani kuliko giza. Mimi nasema tatizo ni mahakama, fishi inakuja nyuma.

#10 Mwanasheria_Kivu (Goma)
#9, niongeze kwenye hoja yako. Kesi ya uraisi inapelekwa ndani ya siku 2 baada ya matokeo ya muda, na Mahakama ya Katiba ina siku 7 kuamua. Chukua 2018: matokeo yalitangazwa usiku wa kuamkia 10 Januari 2019, kesi ikafika tarehe 12, uamuzi ukatoka usiku wa tarehe 19 kuamkia 20. Mlalamikaji aliomba kura zihesabiwe upya, akakataliwa kwa kukosa uthibitisho. Lakini uthibitisho wenyewe ni PV za biro zaidi ya 75,000, na mwenye seti kamili ni CENI. Unamwambia mtu alete ufunguo ulio mfukoni mwa mwingine, kwa siku mbili.

Majaji ni 9: watatu wanachaguliwa na raisi, watatu na Bunge, watatu na Baraza Kuu la Mahakimu. Ukitaka kubadilisha kitu, anza na siku hizo mbili kabla ya kugusa majaji. Zikiwa siku 10, na CENI ikalazimishwa kutoa PV zote siku ya kwanza, kesi zitakuwa na maana.

#11 Kipushi_Road
Kenya walifanya hivyo, na kila mtu aliweza kujumlisha mwenyewe.

#12 Mama_Rwashi
Kenya ya Nairobi au komini Kenya hapa nyuma ya Kamalondo? Maana kwetu komini Kenya hata fishi ya maji haionekani 😄

#13 Kipushi_Road
Ya Nairobi, mama 😂 2022 waliweka fomu 34A (ndizo fishi zao) za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti. Vijana, magazeti, wote wakawa wanajumlisha.

#14 Mwanasheria_Kivu (Goma)
Na walifika hapo kwa sababu ya uamuzi wa tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu yao ilipofuta uchaguzi wa uraisi. Malawi nao tarehe 3 Februari 2020 walifuta, fomu zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe ya kufutia, wakarudia Juni 23. Mahakama kwanza, uwazi baadaye. Lakini sisemi Kenya imepona. Hata 2022, fomu zote zikiwa hadharani, makamishna wanne kati ya saba wa tume yao ya uchaguzi walikataa jumla. Fomu zinakuambia hesabu, hazimlazimishi mtu kuamini.

#15 Mzee_Kamalondo
Vijana wangu, mnajenga paa. Msingi ni orodha ya wapiga kura. Hesabu ya mwisho ya watu wote katika nchi hii ni ya 1984. Kwa kuwa hatujui tuko wangapi, viti vya ubunge vinagawanywa kwa idadi ya walioandikishwa. Fikirini maana yake: kila mkubwa wa jimbo ana faida orodha ya kwake ikinenepa. Mtoto wa miaka 15 akiandikishwa, jimbo linapata. Hakuna wa kukataa, kwa sababu wote wa jimbo wanafaidika.

2018 wakaguzi wa OIF, jumuiya ya nchi zinazosema Kifaransa, walikuta 16.6 kwa mia ya orodha haina alama za vidole, watu milioni 6.7 hivi. Huenda wengi ni watu wa kweli, mkulima au mchimbaji mwenye vidole vilivyosuguliwa mpaka mashine haivisomi. Lakini bila alama huwezi kujua nani ameandikishwa mara mbili.

Halafu kadi. Kadi ya kura ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku: benki, kununua laini ya simu, kizuizi cha polisi. Za 2023 maandishi yalifutika, picha ikabaki kivuli. Mtu akishika mkononi kadi ya serikali isiyo na jina, umwambieje aamini kompyuta asiyoiona?

#16 Bagira_Juu (Bukavu)
Mzee, heshima. Hoja ya kadi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ushauri kwa wote ambao kadi bado inasomeka: piga kopi pande zote mbili leo, andika namba ya kadi na kodi ya kituo pembeni kwa kalamu, hifadhi picha kwa simu. Duplikata inaombwa kwa namba, na namba ndiyo inayofutika kwanza.

#17 Likasi_Moja
Mbona hakuna anayetaja kizingiti, kiwango cha kura ambacho chama lazima kivuke ili kipate viti? Watu wengi wanaosema "wameiba" kwa kweli wameona kizingiti bila kujua jina lake.

Mfano wa kubuni. Kura halali za nchi ni milioni 18. Kizingiti cha ubunge wa taifa ni 1 kwa mia, yaani 180,000 kwa orodha ya chama kote nchini. Mji wenu una viti kadhaa na kura 200,000. Mgombea wenu anapata 30,000, wa kwanza kwa wagombea wote. Chama chake ni kidogo, kote nchini kina 90,000. Orodha nzima inatupwa kabla hata viti havijagawanywa. Mgombea wa kundi kubwa mwenye 9,000 anaingia, kwa sababu orodha yake imevuka na ina mabaki makubwa. Fishi zote za mji ni sahihi. Kompilasio ni sahihi. Mahakama itasema ni sahihi. Na mtaa mzima utaapa kura zimeibwa, maana wameona kwa macho yao nani aliongoza.

Hesabu hii haifundishwi popote. Shule ya msingi wanaweza kuifanya kwa dakika 20.

#18 Mama_Rwashi
#17 ndugu yangu, umenifungua macho. Kwa hiyo mtu anayetafuta kura inabidi aulizwe kwanza: chama chako kina wagombea wangapi nchi nzima?

#19 Likasi_Moja
Kabisa. Na hiyo ndiyo inajenga yale makundi makubwa ya vyama kabla ya uchaguzi. Watu hawaungani kwa mawazo, wanaungana kwa 180,000.

#20 Kisiwa_Idjwi
Kwa uraisi je? Januari 2011 duru ya pili ilifutwa. 2006 Kabila alikuwa na 44.81, akarudi uwanjani na Bemba, akapata 58.05. Ukipenda usipende, nusu na zaidi walimchagua. 2018 mshindi alitangazwa na 38.57, wa pili 34.8. Hata kama namba hizo zingekuwa za malaika, zaidi ya watu sita kwa kumi walichagua mwingine. Imani itatoka wapi? Na kurudisha duru ya pili kunazuiwa na kifungu cha 220 cha Katiba.

#21 Mwanasheria_Kivu (Goma)
Sahihisho: 220 haizuii hilo. Inafunga idadi na urefu wa mihula ya raisi, kura ya wote, mfumo wa vyama vingi, uhuru wa mahakama na mengine machache. Idadi ya duru haimo, ndiyo maana iliweza kubadilishwa 2011. Inaweza kurudi kwa njia ileile.

#22 Fundi_wa_Hesabu
Kwenye 2018 niongeze moja, maana watu wanadhani bila fishi zote huwezi kujua kitu. CENCO, baraza la maaskofu wakatoliki, walikuwa na waangalizi kama 40,000, wakasema hadharani kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zao.

Huhitaji hata 40,000. Chagua biro 1,500 kwa bahati nasibu, kutoka orodha nzima, kabla ya siku ya kura. Tuseme kura za mgombea zinapishana sana toka biro hadi biro, pointi 30 hivi kuzunguka wastani. Gawa 30 kwa kipeuo cha pili cha 1,500, yaani 38.7, unapata 0.78 hivi. Zidisha mara mbili: karibu pointi 1.6 juu au chini. Pengo la karibu pointi 4 lingeonekana, ingawa si kwa raha.

Kinachoharibu ni kuchagua biro zenye barabara nzuri. Ukikosa fishi 300 na zote ni za porini, makadirio yako ni ya mjini. Andika zipi zimekosekana na kwa nini, na utangaze hilo pia.

#23 Mwanga_Karisimbi (Goma)
Nasoma kimya tangu mwanzo. Huku Kivu Kaskazini, Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa 2023 kwa ajili ya vita. 2018 Beni na Butembo waliambiwa wasubiri Machi 2019, raisi alipokuwa amekwisha kuapishwa. Fishi, mahakama, kizingiti, yote hayo ni maswali ya mtu aliyepata biro. Kwa hawa swali ni moja: nani anahesabu waliokosa? Ningetaka kila tangazo la matokeo lianze na mstari huo: majimbo haya hayakupiga, watu walioandikishwa huko ni kadhaa. Kuutaja tu ungekuwa heshima.

#24 Mzee_Kamalondo
Mwanangu wa Goma, poleni sana. Umesema neno ambalo sisi wote tulilipita.

#25 Likasi_Moja
Kweli. Na hata kwetu tuliopiga: madiwani wa komini walichaguliwa 2023 kwa mara ya kwanza tangu mfumo huu uanze. Katiba kifungu 175 inasema mkoa ubaki na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake, yakatwe palepale. Haifanyiki hivyo, pesa zinapanda Kinshasa na kurudi pungufu. Diwani asiye na bajeti ya kuzibua mfereji, mwaka 2028 atamwambia nini mpiga kura? Mimi naona imani inafia hapo, katikati ya uchaguzi na uchaguzi.

#26 Kipushi_Road
Sasa niulize la kazi. 2028 mimi si shahidi, si mwangalizi, ni mpiga kura tu. Naweza kufanya nini na hiyo fishi?

#27 Mwana_Katuba
Kuipiga picha ikibandikwa. Nenda usiku uleule, usingoje asubuhi, #2 amekwisha kueleza mvua. Futa lensi ya simu. Simama sawa na karatasi, usipige kwa upande, pembe zote nne zionekane. Zima fleshi, karatasi yenye unyevu inang'aa na kufuta namba. Afadhali rafiki amulike kwa tochi kutoka kando. Piga tatu: karatasi nzima, kodi ya biro kwa karibu, sehemu ya sahihi kwa karibu. Kisha nakili namba kwa kalamu hapohapo, kwa sababu ukifika nyumbani utakuta 1 na 7 zinafanana.

Usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza namba ndogo. Itume kama dokima (faili). Jina la faili liwe kodi ya biro.

#28 Mama_Rwashi
Na kama hawajabandika?

#29 Mwanasheria_Kivu (Goma)
Piga picha ukuta mtupu, na namba ya biro juu ya mlango ionekane. Andika saa.